Hamdani na Paa Wake: Maneno juu ya Kisa cha Sultani Darai

Miongoni mwa visa vya Unguja vilivyokusanywa na Edward Steere, kiko kimoja ambacho walimu hupenda kuwasomea watoto, nacho ni kisa cha Sultani Darai. Hatuna neno la kuwalaumu kwa kukipenda. Lakini tumesikia mara nyingi jinsi kinavyosomwa, jinsi kinavyofupishwa, na jinsi kinavyofungwa kwa methali moja au mbili ili watoto wapate kwenda kucheza. Nasi twaona ya kuwa wanaokisoma hivyo hukipunguza hata kikawa si kile kilichosimuliwa. Kisa hiki husemwa kuwa ni kisa cha shukrani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ndani yake mna swali juu ya kazi, na swali juu ya uvumilivu, na swali gumu kuliko hayo, yaani jinsi mtu amtendeavyo yule aliye chini yake. Basi tumeona vema tukipitie polepole, tukitazama palipo na nguvu na palipo na udhaifu.

Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, naye mwenyewe akawekwa askofu mwaka 1874. Visa alivyovipata kwa wenyeji vilipigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 kisa hiki kilitoka tena katika vitabu viwili vya Kiingereza, kimoja cha Andrew Lang, na kingine cha George Bateman kilichopigwa chapa Chicago. Hivyo yule paa wa Unguja ametembea mbali sana kuliko alivyotembea katika kisa chenyewe.

Habari yake, kwa ufupi, ni hii. Palikuwa na mtu maskini, jina lake Hamdani, ambaye riziki yake ilikuwa kuchakura jaani kama kuku, apate punje za mtama za kutafuna. Siku moja akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale. Akapita mtu amechukua tundu la paa, anawauza. Waliokuwapo wakacheka, wakamwambia muuzaji asipoteze wakati wake kwa mtu wa jaani. Hamdani akatoa thumuni yake, akamnunua paa mmoja, akalala naye pale pale alipokuwa akilala. Baada ya siku chache paa akasema kwa maneno ya binadamu, akaomba ruhusa aende malishoni mchana na kurudi jioni. Hamdani akaogopa, kwa kuwa thumuni ile ndiyo mali yake yote. Lakini akamwacha, na jioni paa akarudi. Ikawa hivyo siku kwa siku. Hata siku moja paa akaona almasi kubwa chini ya mti. Akafikiri ya kuwa akimpa bwana wake, watu watasema ameiiba. Basi akaifunga katika majani, akaenda nayo mbali kwa sultani wa nchi nyingine, akasema ametumwa na bwana wake Sultani Darai aje kuposa binti yake. Sultani akakubali. Paa akarudi, akamchukua Hamdani, akampiga na kumwacha uchi karibu na mji, akampasha sultani habari ya kuwa bwana wake amenyang'anywa njiani. Hamdani akavikwa, akapandishwa farasi, akaoa. Kisha paa akaenda kutafuta nyumba, akafika katika jumba la nyoka wa vichwa saba, akamwua kwa upanga, akalitwaa jumba pamoja na mali yake, akamweka bwana wake humo.

Ndipo paa akaugua. Akampeleka mwanamke mzee wa jumba lile kwa bwana wake, amwambie ya kuwa hawezi. Hamdani akasema apikiwe uji wa mtama hafifu, akakumbusha ya kuwa paa yule alinunuliwa kwa thumuni tu. Mkewe akamwonya; hakusikia. Mzee akarudi mara ya pili. Jibu likawa lile lile. Paa akafa, mzoga wake ukatupwa kisimani. Mke akampelekea baba yake habari kwa siri. Sultani akaja na watu wake, wakamtoa paa, wakamzika kwa heshima na kumlilia. Kisha usiku mmoja mke akaota yuko kwao, akaamka akajiona yuko kwao kweli. Na Hamdani akaota yuko jaani anachakura, akaamka akajiona yuko jaani.

Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu na kusema, Fadhila ya punda ni mateke. Lakini tazama: katika kisa hiki mnyama ndiye aliyetenda fadhila, na binadamu ndiye aliyepiga teke. Methali imegeuzwa kichwa chini, na mtoto mwenye akili huliona jambo hilo kabla ya mwalimu wake.

Tuanze na kazi. Ni nani aliyefanya kazi katika kisa hiki? Hamdani hakufanya ila moja, nayo ni kumnunua paa. Hata kuchakura kwake jaani, ambako ni taabu kweli kweli, hakukuwa kazi yenye kuongeza kitu. Leo punje tatu, kesho punje mbili, na keshokutwa mtu yu pale pale. Hatusemi hivyo kwa kumdharau maskini. Twasema kwa sababu wako walimu wanaomsifu Hamdani kwa uvumilivu, wakidhani ya kuwa kila aliyekaa katika dhiki bila kulia ni mvumilivu. Kiswahili chatuonyesha tofauti, tukikisikiliza. Kusubiri ni kungoja. Kuvumilia ni kuubeba uzito uliokwisha kukufikia. Lakini kuna neno la tatu, kudumu, maana yake kushika jambo na kutoliacha hata litimie. Nalo lina ndugu yake, bidii. Hamdani alisubiri, huenda alivumilia, bali aliyedumu ni paa.

Tena bidii ya paa haikuwa bidii ya siku moja. Msimuliaji alijua kazi yake: hakumleta paa na almasi siku ya kwanza. Kwanza alimpeleka malishoni akamrudisha, akampeleka tena akamrudisha, mpaka msikilizaji amechoka kidogo na bwana wake amekwisha kumwamini. Twaona ya kuwa hapa ndipo penye moyo wa kisa. Mtu aweza kuokota almasi kwa bahati. Hawezi kurudi nyumbani kila jioni kwa bahati. Paa alikuwa na miguu minne na pori mbele yake, wala hapakuwa na kamba shingoni. Alirudi kwa sababu alitoa neno lake. Mwalimu akifupisha siku zile za kwenda na kurudi ili afike upesi kwenye almasi, amewafundisha watoto ya kuwa mali hutoka chini ya mti, naye amelificha lile lililomfanya paa astahili kuiona.

Methali yetu yasema, Mchumia juani hulia kivulini. Katika kisa hiki mmoja alichumia juani na mwingine akala kivulini. Msimuliaji hakutaka kutudanganya ya kuwa kila afanyaye kazi hupata ujira wake hapa hapa. Watoto tunaowafundisha wamewaona baba zao wakilima mashamba ya wengine, na mama zao wakisaga unga wasioula. Tukiwaambia ya kuwa bidii siku zote huleta mali, watanyamaza kwa adabu, lakini hawatatusadiki. Kisa hiki chawaambia jambo lililo kweli zaidi: ya kuwa bidii ni njema, na ya kuwa mwenye kula matunda ya bidii ya mwenziwe ana deni.

Sasa yako maneno ambayo hatuwezi kuyapita. Paa alisema uongo. Alimwita maskini wa jaani kwa jina la sultani. Akabuni wanyang'anyi wasiokuwapo. Akaposa kwa hila. Tumesikia ya kuwa walimu wengine hurukia mahali hapo, na wengine hupageuza, wakamfanya paa kuwa mkweli. Hatuoni ya kuwa yafaa. Hila ya mnyama mdogo ni desturi ya zamani katika visa vya pwani. Sungura aishi kwa hila, wala hakuna mtoto aliyedhani ya kuwa kwa hiyo yeye apaswa kumdanganya mwalimu wake. Zaidi ya hayo, kisa chenyewe chauhukumu uongo ule. Kila kitu kilichojengwa juu yake kiliondoka katika usiku mmoja: farasi, nguo, jumba na jina. Bali ule uhodari wa paa na uaminifu wake havikuondoka, kwa maana watu walimlilia kaburini. Heri mwalimu awaulize watoto, Ni kipi kilichobaki? kuliko kuufuta uongo wa paa na kukiacha kisa bila mzizi.

Wasomaji waliosoma vitabu vya Ulaya watakumbuka kisa cha paka aliyevaa viatu, alichokiandika Charles Perrault wa Ufaransa mwaka 1697. Huko nako maskini ana mnyama mmoja tu. Mnyama ambandika bwana wake jina kubwa. Asema bwana wake amenyang'anywa nguo. Alitwaa jumba la zimwi. Na maskini aoa binti wa mfalme. Mifanano ni mingi hata haifichiki. Hatutaki kushindania ni nani aliyepata kutoka kwa nani, maana visa husafiri kwa majahazi kama bidhaa nyingine. Tunalotaka kulionyesha ni mwisho. Paka wa Perrault akawa bwana mkubwa, asikamate panya tena ila kwa kujifurahisha. Wote wakafurahi, na kisa kikaisha pale ambapo mali imepatikana. Msimuliaji wa Unguja hakukubali kuishia hapo. Alipofika penye harusi na jumba, alijua ya kuwa swali lenyewe halijaulizwa bado. Swali lake si, Je, maskini aweza kuwa tajiri? Swali lake ni, Akiisha kuwa tajiri, atamfanyia nini aliyemtajirisha? Kwa sababu hiyo twathubutu kusema ya kuwa kisa cha Unguja ni kikubwa kuliko kile cha Ufaransa, ingawa kile kina umbo zuri zaidi na hakichoshi katikati.

Maana katikati kisa chetu huchosha, nasi hatutaficha. Safari za paa kwenda na kurudi kwa sultani, na maamkio yao, na habari za jumba la nyoka, zimerefushwa kupita haja. Kwa mdomo hazidhuru, kwa kuwa msimuliaji hubadili sauti na wasikilizaji huitikia. Katika kitabu zalegea. Mwalimu akitaka kufupisha, basi na afupishe hapo, asiguse mwanzo wala mwisho. Lakini tuliyoyaona ni kinyume: aghalabu hufupishwa mwanzo, kwa kuwa hakuna ajabu, na mwisho, kwa kuwa una huzuni, kikaachwa kile cha katikati chenye nyoka na upanga.

Sasa tuutazame ule mwisho. Mambo matatu yastahili kuangaliwa. La kwanza ni ule uji. Hamdani hakumwua paa, wala hakumpiga, wala hakumfukuza. Alimpa chakula, ila chakula kile kilikuwa cha mtu asiyehesabiwa, nacho kilitoka katika nyumba iliyojaa vyakula vizuri. Dhuluma nyingi za dunia ziko namna hii. Mtu husema, Nimempa. Naye amempa kweli, lakini amempa kilicho chini kabisa katika ghala yake, tena kwa mkono wa mwingine.

La pili ni thumuni. Hamdani alipoambiwa ya kuwa paa hawezi, alikumbuka bei. Hakukumbuka almasi, wala nyoka, wala safari. Kwake yeye paa alikuwa angali kitu kilichonunuliwa, na kitu kilichonunuliwa kina bei, hakina haki. Hapa hatuna budi kukumbuka mahali na wakati wa kisa hiki. Kilisimuliwa na kuandikwa Unguja kabla ya mwaka 1873, ambao ndio mwaka soko la watumwa lilipofungwa kwa mkataba. Na hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Waliokisikiliza waliwaona kila siku watu walionunuliwa kwa riale, waliotumwa safari na kazi, waliowapatia mabwana zao mali, na walioachiwa uji walipozeeka. Yule paa humwita Hamdani bwana, na neno hilo kwa wasikilizaji wale halikuwa neno la adabu tu. Lilikuwa jina la mwenye kumiliki mtu. Hatusemi ya kuwa msimuliaji alikusudia fumbo, kwa kuwa hakutuachia neno la kutuongoza. Twasema tu ya kuwa alipotaja bei kinywani mwa bwana mbele ya kitanda cha mgonjwa, hapakuwa na msikilizaji hata mmoja aliyehitaji kuelezwa.

Kwa hiyo twawaonya ndugu zetu walimu wasikifanye kisa hiki kuwa funzo la kumtii bwana. Paa ni mtiifu, ndiyo; lakini kisa hakikuwekwa ili kumfundisha paa. Tumepata kusikia kikisomwa mbele ya vijana wa kazi, na msomaji akamaliza kwa kuwaambia wawe kama paa, watumike bila kunung'unika. Kisha vijana wakaenda zao, na chakula chao cha jioni, kwa habari tuliyoipata, hakikuwa mbali sana na ule uji. Yule msomaji hakujua ya kuwa amesoma hukumu yake mwenyewe kwa sauti kubwa. Subira ni neno zuri kinywani mwa mwenye kuteseka. Kinywani mwa mwenye kumtesa halina uzuri.

La tatu ni wale wanawake wawili. Mwanamke mzee hana mali wala amri katika jumba lile; lakini alikwenda mara ya kwanza, akajibiwa vibaya, akarudi mara ya pili. Mke naye alijua ya kuwa mumewe akosa, akamwambia. Asiposikilizwa hakukaa kimya, akatafuta njia ya kumpelekea baba yake habari. Hawa hawakuweza kumponya paa. Walifanya lile lililo katika uwezo wao, na kwa ajili yao paa alipata kaburi badala ya kisima. Wengi wetu si wenye majumba. Tu watu wa kati, wenye kutumwa kati ya bwana na mgonjwa. Basi funzo lao latugusa kuliko la Hamdani: kurudi mara ya pili ni wema, hata kama mlango umefungwa.

Twakumbuka siku moja tuliyokisoma kisa hiki chote, pasipo kuacha neno, mbele ya darasa la watoto wadogo. Tulipomaliza tuliuliza, Hamdani alikosa nini? Mmoja akasema, alikosa shukrani. Mwingine akasema, alikuwa mchoyo. Ndipo mtoto mmoja wa nyuma, asiyezoea kusema, akatuuliza yeye: Mbona hakwenda kumwona mwenyewe? Hatukuwa na jibu lililo bora kuliko swali lake. Katika muda wote wa ugonjwa Hamdani hakuinuka hata mara moja. Maneno yalikwenda na maneno yakarudi, na bwana na mgonjwa walikuwa chini ya paa la nyumba moja. Laiti angalikwenda, huenda asingalisema neno la thumuni, kwa kuwa ni vigumu kumtajia mtu bei yake usoni. Tangu siku ile tumeona ya kuwa kosa lake la kwanza ni miguu yake, ndipo likafuata kosa la mkono na la ulimi.

Wako wanaosema ya kuwa mwisho wa ndoto ni dhaifu, kwa kuwa msimuliaji alishindwa kumwadhibu Hamdani kwa njia nyingine. Sisi hatuoni hivyo. Hamdani hakunyang'anywa kitu kilicho chake. Alirudishiwa sawasawa alichokuwa nacho kabla ya paa: jaa, na punje, na vidole vyake vya kuchakuria. Kila kilichozidi hapo kilikuwa cha paa, nacho kiliondoka pamoja na paa. Hesabu ni ya haki, haikupungua wala kuzidi. Naye mke, kwa kuwa hakushiriki katika kosa, hakupata hasara ila kurudi kwao.

Lililo dhaifu, kwa maoni yetu, ni jingine: kisa hakimpi Hamdani nafasi ya kujuta. Twamwacha jaani akichakura, tusijue kama moyo wake umegeuka au amekasirika tu kwa kupoteza jumba. Lakini huenda udhaifu huo wafaa shuleni kuliko ukamilifu. Mwalimu aweza kufunga kitabu hapo na kuwaachia watoto wamalizie: kesho asubuhi Hamdani akiokota thumuni nyingine, na yule mwenye tundu akipita, atafanya nini? Tumejaribu, nasi twajua ya kuwa watoto hawatajibu wote namna moja. Wengine watasema atanunua paa tena. Wengine watasema atanunua mkate, maana hastahili paa. Waacheni washindane. Wema hauozi, yasema methali, na hayo ni kweli. Lakini methali huja vizuri zaidi baada ya mashindano kuliko kabla yake, na ikitoka kinywani mwa mtoto hudumu kuliko ikitoka kwetu.

Basi, ndugu walimu na mapadre, tukisomapo kisa hiki, tukisome chote. Tusiwaonee watoto haya kwa ajili ya huzuni yake. Tena kabla ya kuwauliza wao habari za Hamdani, na tujiulize wenyewe ni nani aliyelala mgonjwa nyumbani mwetu juma hili, yule mpishi, au mchota maji, au mlinzi wa usiku, na kama tumepeleka salamu tu, au tumekwenda kwa miguu yetu.